Wadudu Wasiopenda Hewa

Machela ilibebwa na wanaume wanne, na Kokugonza alikatazwa hata kuigusa. Alipojaribu kuliweka sawa blanketi lililokuwa likimteleza mumewe miguuni, mama mkwe wake Stephania aliupiga mkono wake kama anayefukuza nzi.

"Toa mkono wako hapo. Ulichokwisha kumfanyia kinatosha."

Basi akafuata nyuma, mtoto wake Kemirembe mgongoni, akipanda na kushuka vilima vya Karagwe mpaka hospitali ya misheni, vumbi la wakwe zake likimwingia machoni. Waliokutana nao njiani walisimama kando na kuuliza mgonjwa ana nini. Kila mara Yustasi, kaka mkubwa wa mgonjwa, alijibu kwa sauti ya kutosha kusikika hadi nyuma: "Kalishwa." Neno hilo moja tu, yaani katiliwa sumu. Ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, na siku hizo mwanamke akishatajwa kwa neno hilo, heri angeambiwa ana ukoma, maana mkoma angalau huonewa huruma.

Mgonjwa mwenyewe, Kahigi, alikuwa amevimba kuanzia taya la kushoto mpaka shingoni, ngozi imemvutika inang'aa. Mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole. Harufu iliyotoka humo iliwafanya wabebaji wagombanie nani akae upande wa miguu.

Na kosa la Kokugonza? Kosa lake lilikuwa hili. Kahigi alikuwa amerudi kwa mapumziko kutoka machimbo ya bati huko Kyerwa, na Jumapili asubuhi na mapema Yustasi akaja kumjulia hali. Kokugonza akatoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yake ikaanikwa, kama ambavyo mke yeyote mwenye adabu angefanya. Desturi inataka anayekaribisha atie tembe moja kinywani kwanza, aitafune mbele ya macho ya watu, ndipo kikapu kizunguke. Yeye hakutafuna. Alikuwa anakwenda misa kupokea komunyo, na siku zile anayekomunika hakuruhusiwa kutia chochote kinywani tangu usiku wa manane, hata tone la maji. Ukoo mzima ule ulikuwa wa Wakatoliki, na kila mmoja aliijua amri hiyo tangu katekisimu. Lakini Kahigi alipoanza kuvimba katikati ya wiki, hakuna aliyeikumbuka amri. Walichokikumbuka ni kikapu.

"Mimi nilimwona kwa macho yangu," Yustasi alisema kwenye kikao cha ukoo. "Nilipoona hatafuni, tembe yangu nikaitia mfukoni. Ndugu yangu, kwa kumwamini mke, akatafuna. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani."

"Shemeji, jino ndilo lililokuwa linamsumbua," Kokugonza alisema. "Tangu arudi alikuwa anatafunia upande mmoja."

"Jino huvimbisha shavu. Tangu lini jino likavimbisha shingo?"

Wakamgeukia Kahigi aliyelala mkekani, wakamuuliza kama ni jino. Kahigi alimtazama mkewe. Akamtazama mama yake. Kisha akatikisa kichwa, kwamba siyo. Kokugonza akaketi chini bila kuambiwa aketi.

Wazee hawakuwa na haraka ya kumhukumu, au ndivyo walivyojisifia. Walisema mgonjwa apelekwe hospitali kwanza. Wapimaji wakiona ugonjwa, maneno yameisha. Wasipoona ugonjwa, mwanamke atarudi kwao, na mtoto atabaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Kemirembe alikuwa hajaanza hata kutembea vizuri.

*

Daktari alikuwa Mzungu mmoja mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimchoma Kahigi sindano nene chini ya taya, akavuta usaha wa kijivu, akaujaza kwenye kichupa mpaka mdomoni, akakigandamiza kizibo.

"Hiki kwenda kwa mpimaji," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika. "Hapana fungua. Hewa ikiingia, kazi bure."

Nesi alimkabidhi Stephania kichupa kile, kwa kuwa ndiye mama wa mgonjwa na chumba cha kupimia kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Kokugonza alikuwa nje, ukutani. Aliambiwa wodi haitaki watu wengi. Waliomwambia hivyo walikuwa shemeji zake watano waliojaa humo humo wodini.

Ndipo alipomwona mama mkwe akitoka na kichupa. Badala ya kuvuka uwanja, bibi yule alizunguka nyuma ya jengo, penye migomba. Akachutama. Akachokonoa kizibo kwa kijiti mpaka kikatoka, akafukua ardhi kwa vidole, akamimina humo nusu ya usaha, akaufukia na kupigapiga udongo kwa kiganja. Kisha akakirudisha kizibo. Midomo yake ilikuwa inachezacheza muda wote kama anayesali. Huko kwao vitu vya mwili wa mtu, iwe nywele, iwe kucha, iwe damu, havikabidhiwi vyote kwa mkono wa mgeni. Lazima kiasi kibaki ardhini, nyumbani, ili mwenyewe asichukuliwe mzima mzima. Alifanya vile kwa mapenzi ya mama. Na ujinga unaotokana na mapenzi, Mungu atuepushe nao, hauna hata wa kuukemea.

Aliposimama, macho yao yakakutana.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama."

"Endelea hivyo hivyo kutoona."

*

Mpimaji aliitwa Apolinary. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na ulimi mkali. Alikuwa amesomea kazi yake kwa taabu, na aliona kila anayemletea kitu amekuja kumharibia. Siku ya majibu alisimama kizingitini, akawaita watu wa Kahigi kwa mkono.

"Kwenye darubini nimeona vijidudu vidogo. Lakini nilipojaribu kuviotesha ili vizaane, hakuna kilichoota. Bila kuota siwezi kusema ni kitu gani. Sina jibu."

Mpimaji alikuwa amesema mambo manne, lakini Yustasi alichukua mawili tu aliyoyahitaji. Akaondoka nayo mbio mpaka jikoni, kule ndugu wa wagonjwa walikokuwa wakipikia.

"Mmesikia? Hakuna kilichoota! Wazungu na mashine zao wamepima, ugonjwa hawakuuona. Darubini haioni sumu. Kesho asubuhi tunamtoa ndugu yetu hapa, tunampeleka kwa mganga wa kutapisha."

Mtu asiyeweza kufungua kinywa atatapishwa vipi? Hakuna aliyeuliza. Wanawake waliokuwa wamekaa jirani na Kokugonza waliinuka mmoja mmoja, kila mmoja akasogeza chungu chake mbali na moto wa Kokugonza. Mmoja, ambaye juzi alimwomba chumvi, akairudisha mbele ya watu wote, akaimwaga majivuni.

Stephania alikuja kwa nyuma. Akafungua fundo la mbeleko kifuani kwa Kokugonza, akamtoa Kemirembe mgongoni. Mtoto akapiga yowe, akanyoosha mikono. Kokugonza alishika mguu mmoja wa mwanawe, akaushikilia, mpaka alipoona mtoto anaumia, ndipo akauachia.

"Maziwa je?" aliuliza. "Bado ananyonya."

"Ng'ombe wapo," Stephania akajibu.

*

"Nimefunga kazi. Njoo kesho," Apolinary alisema bila kugeuka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimesema nimefunga."

"Sikuja kupimwa. Nimekuja kukwambia kile kichupa cha mume wangu kilifunguliwa."

Apolinary akageuka polepole. "Kilifunguliwa na nani?"

"Na mama yake. Alimwaga nusu, akaifukia mgombani, kisha akakifunga tena. Nilimwona."

Loo! Mtu yule alitupa kitambaa chake mezani, akapiga kelele kama aliyetukanwa ukoo wake. "Mnaniletea maiti halafu mnaniuliza jina lake! Mnajua wadudu hawa ni wa namna gani? Wako wadudu ambao hewa hii unayoivuta wewe, kwao ndiyo sumu. Wanakaa mahali pasipofika upepo, kwenye fizi, chini ya jino bovu. Wakipigwa na hewa tu, wamekwisha. Kichupa kikijaa mpaka juu, wanafika wazima. Kikiwa nusu, hiyo nusu nyingine ni hewa. Nimekaa siku zote hizo nikiotesha mizoga! Na wewe uliyeona, mdomo ulikuwa wapi?"

"Ningesema, wangesema namsingizia mama mkwe ili nijiokoe."

"Na leo hawatasema?"

"Leo wamenichukulia mtoto. Wanaweza kusema wanavyotaka." Akafuta machozi kwa kiganja. "Kesho wanamtoa mgonjwa. Wakimtoa bila jibu, mimi mtoto wangu simpati tena. Kama unaweza kupima upya, pima. Kama huwezi, niambie sasa hivi nijue."

"Mimi siamui kesi za wake na wakwe," Apolinary alisema. Lakini alikuwa tayari anatafuta koti lake. Tusidanganyane, hakuguswa na machozi ya mwanamke yule hata kidogo. Kilichomuuma ni kazi yake iliyoharibiwa, na jibu la bure lililotoka likiwa na jina lake.

*

Safari hii mambo yalikwenda vingine. Daktari aliposikia, aliwaambia watu wa Kahigi kwamba atakayemtoa mgonjwa yule kitandani atajieleza kwa Bwana Shauri, mkuu wa serikali wilayani. Yustasi akanywea. Apolinary alisimama mwenyewe kando ya kitanda, sindano ikavuta usaha, akaipokea, akaziba ncha yake kwa kizibo cha mpira na kuvuka uwanja nusu akikimbia. Alikuwa amechemsha supu ya nyama mpaka hewa yote ikatoka, akaiweka kwenye mirija ya kioo. Akashusha usaha chini kabisa ya mrija mmoja na kuumiminia nta ya moto juu, ikaganda kama kifuniko. Katika chombo kingine kipana akatia usaha ule ule juu ya supu iliyogandishwa, akauacha wazi.

Stephania alikuwa amemfuata mpaka dirishani, Kemirembe kiunoni.

"Mawe, mama yangu! Njooni mwone! Wanapika usaha wa mwanangu na nyama!"

Watu wakajaa dirishani. Apolinary akafunga pazia.

Daktari naye hakungoja tena majibu ya supu. Siku hiyo hiyo alipasua chini ya taya la Kahigi, akaacha mpira wa kupitishia uchafu, akang'oa jino na kuanza kumchoma penisilini. Jino lenyewe lilikuwa tundu tupu, jeusi mpaka mizizini. Kokugonza alipolionyeshwa na nesi aliwaza, sasa wameona, sasa yameisha. Wapi! Yustasi alilitazama jino lile kwenye kibakuli, akaguna.

"Sumu kali sana hii. Ona ilivyoozesha jino la mtu mzima kwa wiki moja."

Kwa hiyo kila kitu kikabaki kwenye mrija wenye nta. Kokugonza alishinda ukutani pale, maziwa yakimjaa na kumwagika ndani ya gauni. Mwanawe alilia ng'ambo ya ukuta. Kila alipoomba amnyonyeshe japo mara moja, alijibiwa asubiri supu yake iive.

*

Ilipoiva, Apolinary aliwaita wote ndani, naye Kokugonza akaingia wa mwisho.

"Mrija huu una nta. Tazameni supu."

Supu ilikuwa imechafuka, ina ukungu na mapovu chini ya nta.

"Na hiki kilichokaa wazi?"

"Kiko vile vile," mzee mmoja alisema.

"Kiko vile vile. Kwa hiyo hawa ni wa kule kusikofika hewa. Kutoka kwenye mrija nimechukua tone, nikalipaka rangi ya zambarau, nikaliosha kwa spiriti. Wako wadudu ambao zambarau haiwatoki hata uwaoshe vipi. Hawa imewatoka yote, ndipo nikawapaka nyekundu. Haya, tazama." Akamsukuma Yustasi kwenye darubini. "Unaona nini?"

Yustasi alifumba jicho moja, akafumba la pili, akaelekezwa, hatimaye akaona. "Punje. Nyekundu. Kama ulezi. Nyingine mbili mbili, nyingine zimelundikana."

"Hao ndio waliokuwa kwenye taya la ndugu yako, wakisindikizana na wenzao. Peke yao hawana ubaya mkubwa. Jino likioza wanapata mlango, wanaingia ndani wakiwa kundi, ndipo nyama inaoza na kunuka vile."

"Sawa. Sasa nani aliwatia humo?" Yustasi aliuliza, akimtazama Kokugonza.

"Fungua mdomo."

"Nini?"

"Nimesema fungua mdomo!"

Apolinary alimkwangua nyuma ya meno kwa kijiti, akapaka uchafu ule kwenye kioo, akaukausha juu ya moto, zambarau, spiriti, nyekundu, akauweka chini ya darubini. Wote walingoja. Nje mtoto wa mtu alikuwa akikohoa.

"Tazama mwenyewe."

Yustasi aliinama. Alikaa pale muda mrefu. Alipoinuka, alijifuta midomo kwa mkono wa shati, akajifuta tena.

"Ni zile zile," alisema kwa sauti ndogo.

"Zinafanana nazo kabisa. Wako kinywani mwako, mwa mama yako, mwangu. Kila mwenye kinywa anao. Hakuna aliyemtilia mwenzake kwa kahawa. Sasa tokeni, nina kazi."

Walitoka. Kokugonza alibaki amesimama pale akingoja mtu amgeukie. Wakampita mmoja mmoja, wakizungumza juu ya mvua.

*

Uvimbe ulipopungua na Kahigi akaanza kusema, ukoo ulikusanyika wodini. Stephania alimtua Kemirembe kiunoni, akamsukumia mama yake kama anayerudisha ungo wa kuazima.

"Yamekwisha," alisema. "Mchukue mtoto wako, kisha nenda ukamenye ndizi. Daktari amesema leo mgonjwa ale laini, na watu hawa wametoka mbali."

Kokugonza alimnyonyesha mwanawe kwanza, pale pale, mbele ya wanaume. Mtoto alinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa. Kisha Kokugonza akamgeukia mumewe.

"Baba Kemirembe, nikuulize. Ulipoulizwa kama ni jino, kwa nini ulitikisa kichwa?"

Kahigi alipapasa bendeji yake. "Mdomo ulikuwa umefunga."

"Kichwa hakikuwa kimefunga."

"Jino liliniuma tangu machimboni," alisema. "Nilijua linauma. Lakini mama aliposema sumu, nikakumbuka hukutafuna. Nikaogopa."

"Ulijua nakwenda kukomunika?"

"Nilijua."

"Na bado ukaniogopa."

Kahigi akatazama blanketi. Yustasi akakohoa. "Shemeji, usirefushe mambo. Wale wadudu wamekutoa hatiani, unataka nini tena?"

"Wadudu wamenitoa. Nyinyi hamjanitoa." Alisimama, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo mara mbili. "Nyumbani nitarudi, kwa sababu mtoto mnasema ni wenu, na mimi simwachi. Kibanja cha migomba nitalima. Kahawa nitachuma. Lakini chakula cha Kahigi sitakipika, wala maji yake sitayachota, mpaka mmoja wenu asimame mbele ya watu hawa hawa aseme kwamba nilisingiziwa. Nangoja."

Alingoja kweli. Wazee walitazama dirishani. Yustasi alichunguza kucha zake. Kahigi alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu augue kilifunguka vizuri, akamtazama mama yake, akakifunga.

"Haya," Kokugonza alisema.

Akatoka kwenda jikoni. Stephania akabaki amesimama katikati ya wodi, akitazama huku na huku atokee mtu wa kumkaripia mkwe wake. Hakutokea. Jua lilipanda, wazee wakaanza kupiga miayo, na mgonjwa akasema taratibu kwamba ana njaa. Mwishowe bibi yule alijifunga kanga kiunoni, akaburuta miguu mpaka jikoni, akachutama mbele ya mkungu wa ndizi na kuomba kisu.

Kokugonza akampa, kwa upande wa mpini.